Kikao chetu na wanavyuo wa Ngujini

Likizo iliyopita Paroko alitupa kazi tusiyoizoea. Frateri akirudi nyumbani hupewa watoto wa Kipaimara awafundishe, husaidia kwaya, hutembelea wagonjwa na jumuiya, na akikuta fagio hulishika. Safari hii tuliitwa wote wanne, wawili wa falsafa na wawili wa teolojia, tukaambiwa: "Wanavyuo wenu wamegombana. Kaeni nao wazungumze."

"Wanavyuo wenu" ni vijana wa Ngujini na vijiji vya jirani wanaosoma vyuo vikuu na vyuo vya kati, Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro, Mwanza na Moshi. Wana kundi lao la WhatsApp, na sisi tumo. Lilianzishwa kwa nia njema: mmoja akifiwa wachange, akiugua ugenini apate wa kumjulia hali. Mwezi wa nne mwenzao mmoja alifiwa na mama yake. Wakapanga kila mtu atoe shilingi 5,000. Kama ilivyo desturi siku hizi, orodha ikawa inabandikwa kila jioni: namba, jina, kiasi, alama ya vema. Baada ya wiki mbili kiongozi wa kundi aliwaondoa wote ambao majina yao hayakuwa na alama. Walikuwa saba. Watano kati ya hao saba ni Waislamu, na marehemu alikuwa Mkatoliki.

Neno udini halikuchukua hata siku moja kufika Ngujini. Lilifika kabla ya wenyewe kurudi likizo.

Asiyejua Upare anaweza kuona ni ugomvi mdogo wa vijana na simu zao. Lakini hapa kwetu ukoo mmoja una Wakatoliki, Walutheri na Waislamu, na kwa watatu kati yetu sisi wanne kuna shangazi au baba mdogo anayeswali. Msibani anayeshika jembe kuchimba kaburi haulizwi dini yake. Padre akiongoza mazishi, kaka wa marehemu anasimama mstari wa mbele na baraghashia yake kichwani. Kwenye sherehe mbuzi anachinjwa na Mwislamu ili wote wale, na Idi ikifika hatungoji mwaliko. Kwa hiyo mtu akisema udini umeingia kwa watoto waliosoma, wazee wanashtuka kweli. Paroko alikuwa ameshazungumza na imamu, na wote wawili waliona heri vijana wakutanishwe mapema, kabla ugomvi haujahamia kwa wazazi.

Tulijiandaa kama mafrateri wanavyojiandaa. Tulisoma tena Nostra Aetate, tamko la Mtaguso la mwaka 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristo. Tulisoma sura ya sita ya Fratelli Tutti, waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2020, sura inayohusu majadiliano na urafiki katika jamii. Tulitengeneza ratiba yenye dakika zake. Ukumbi wa parokia tuliupanga vizuri: viti vya mistari, na mbele meza yenye kitambaa na chupa za maji kwa ajili yetu, ustadhi aliyetumwa na imamu, na viongozi wa kundi.

Walikuja vijana 31. Tulisali, ustadhi akaomba dua, mmoja wetu akatoa mada. Ilikuwa mada nzuri, tunaweza kusema hivyo kwa kuwa tuliiandika wenyewe. Kisha tukaruhusu michango. Kila aliyesimama alisema sisi ni ndugu, Wapare ni wamoja, Mwalimu alituachia amani, tusikubali kugawanywa. Hata yule kiongozi aliyewaondoa wenzake alisema hivyo. Saa moja na nusu ikapita, na katika daftari letu la kumbukumbu kuna sentensi iliyoandikwa wakati huo: "Kikao kinaenda vizuri."

Ndipo dada mmoja aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono. Anasomea ualimu, mwaka wa pili, na alikuwa mmoja wa wale saba. Alisema: "Naomba niseme kitu kimoja halafu niende nikachote maji. Mimi sikutolewa kwa sababu ni Mwislamu. Nilitolewa kwa sababu sikuwa na elfu tano. Niliposikia watu wanasema ni udini nikanyamaza, kwa sababu udini ni aibu ya mwingine. Kukosa elfu tano ni aibu yangu."

Ukumbi ulikuwa kimya. Mmoja wetu, kwa mazoea ya kujaza ukimya, akasimama akaanza: "Anachotaka kusema dada yetu ni kwamba umaskini…" Hakumaliza. "Frateri, samahani," dada akamkatiza. "Nimeshasema. Usinisemee." Akachukua ndoo yake iliyokuwa nje ya mlango, akaenda.

Tulifunga kikao kwa sala fupi kuliko ilivyoandikwa kwenye ratiba.

Jioni ile tulikaa nyuma ya jiko la parokia na sufuria ya makande, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kula. Tulikuwa tumekuja kupatanisha dini. Tulikuwa na nyaraka, nukuu na ustadhi. Na ile tofauti iliyokuwa inawaumiza vijana haikuwemo katika maandalizi yetu hata kwa mstari mmoja.

Tukijitetea kidogo, nchi hii imejizoeza kuzungumzia kabila na dini. Tulianza zamani. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 serikali ilichukua shule nyingi za madhehebu, na sababu mojawapo ilikuwa watoto wa dini zote wapate nafasi sawa. Wazazi wetu walilala bweni moja na watu wa kila mkoa, wakaenda JKT pamoja. Kwa hiyo sisi watoto wao tunajua kusema maneno yanayofaa kuhusu dini. Tunayasema hata usingizini. Kuhusu nani ana hela na nani hana, tunanyamaza au tunatania.

Na chuoni ndiko jambo hilo linakouma zaidi, kwa sababu wote wanaonekana sawa. Wote wamefaulu, wote wana kitambulisho kimoja shingoni, wanakaa katika ukumbi mmoja wa mihadhara. Wanavyuo wana maneno yao kwa yale yasiyoonekana. Fedha ya mkopo ya kujikimu wanaiita bumu, na siku ya bumu mtaa wote wa chuo unajua. Asiyepata kitanda hosteli akalala na mwenzake kitanda kimoja, hiyo ni kubebana. Anayeruka mlo wa mchana ili ale mara moja tu jioni, huyo amepiga pasi ndefu. Ni maneno ya kuchekesha, na tulikuwa tumeyacheka mara nyingi kundini bila kujiuliza nani anacheka ili asigundulike.

Historia ya elimu ya juu hapa kwetu ina jeraha la namna hii tangu mwanzo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kwa wasomi, wakilalamikia hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakati wa utumishi huo. Kuna waliobeba bango la kudai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Mtumishi wa Mungu Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi Elimu ya Kujitegemea. Tukifundishwa habari hii huwa tunaambiwa kuhusu wasomi waliojitenga na wakulima. Ni kweli. Lakini miongoni mwa wale wanafunzi walikuwemo pia watoto wa wakulima, waliosubiriwa nyumbani na wadogo zao wenye kuhitaji ada. Mshahara ule kwa mmoja ulikuwa starehe, na kwa mwingine ulikuwa ukoo mzima. Walibeba mabango pamoja na wakafukuzwa pamoja. Sisi hatumhukumu Mwalimu. Tunasema tu kwamba hata yeye, aliyeijali tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho kuliko viongozi wengi, siku ile aliwaona kama kundi moja. Na sisi tulikuwa tumefanya hivyo katika ukumbi wa parokia.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililotunyima usingizi. Mmoja wetu alifungua simu, akapandisha hadi kwenye ile orodha ya mwezi wa nne. Majina yetu sisi wanne yalikuwepo, namba 12 hadi 15. Mahali pa kiasi paliandikwa: "sala". Halafu alama ya vema.

Hatukutoa hata shilingi, na hakuna aliyetuondoa. Hatukuwa tumeliona hilo kuwa jambo la kufikiriwa. Tukiwa seminarini tunakula mara tatu kwa siku, na nauli ya likizo wengi wetu husaidiwa na wanaparokia, ambao baadhi yao ni wazazi wa wanavyuo hao. Kisha tukaja na kitambaa mezani kuongoza mazungumzo ya usawa.

Wazo la kwanza lilikuwa turudi kwa Paroko tumwambie imeshindikana. Wa teolojia mmoja akakumbuka kitabu tulichowahi kukitumia katika somo la kichungaji, cha Anne Hope na Sally Timmel, kilichochapwa Gweru, Zimbabwe mwaka 1984 kutokana na kazi yao ya miaka mingi na Kanisa nchini Kenya. Wale mama wanasisitiza kwamba kabla ya kuita kikao, mwezeshaji aende kwanza akasikilize pale watu wanapozungumza bila kuulizwa: bombani, sokoni, kwenye gari. Asikilize hasa kinachowatia watu hasira, woga au matumaini. Sisi hatua hiyo tuliiruka kwa sababu tulikuwa wenyeji, tukidhani mwenyeji anajua.

Basi tukatembea wiki mbili. Hatukuwa na daftari. Tulisaidia kuvuna maharage, tulikaa dukani, tulienda msaragambo wa kufukia mashimo ya barabara. Na huko tukasikia habari ambayo haikuwa imesemwa ukumbini kabisa, tena inamhusu yule kiongozi wa kundi ambaye wote tulikuwa tumemwona kama mkosaji. Kumbe siku ya mazishi fedha iliyoahidiwa haikutimia. Pengo lilikuwa shilingi 35,000, yaani saba mara elfu tano. Aliogopa kuwaaibisha wafiwa, akaijazia kutoka kwenye bumu lake. Mama yake ni mjane, anauza ndizi mnadani. Mwezi ule kijana alipiga pasi ndefu mpaka mtihani, na kila alipoiona ile orodha aliyaona majina saba yaliyokula chakula chake. Akayafuta. Hakumwambia mtu sababu. Kwa nini? Kwa sababu ileile ya yule dada.

Kikao cha pili tulikifanyia katika darasa la shule ya msingi, ambako hakuna mwenye meza ya mbele. Madawati tuliyasogeza ukutani tukakaa kwa mduara. Walikuja 24, pungufu ya mara ya kwanza. Dada alikuja, na kiongozi pia. Utaratibu tuliuchukua kutoka Sinodi ya Oktoba 2023 kule Roma, wanapouita mazungumzo katika Roho, tukaurahisisha. Kila mtu ana dakika mbili na hakuna kumjibu. Kisha kimya. Katika mzunguko wa pili husemi lako, unasema lile ulilolisikia kwa mwingine likakugusa. Mzunguko wa tatu ndio wa kujadiliana.

Tulitaka kuueleza kwa mfano wa ndiva, mabwawa ya wazee wetu: maji yanakusanyika usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, na zamu yako ikifika hata mwenye shamba la juu hana ruhusa ya kuyazuia. Msichana mmoja akasema, "Frateri, lakini wa juu huwa anaiba usiku." Watu wakacheka sana. Nadhani ni hapo kikao kilipoanza kweli.

Tulianza sisi. Tulisoma namba 12 hadi 15 ya ile orodha kwa sauti, tukasema tumekosa. Wengine walitazama chini. Mmoja alisema hapana, frateri hadaiwi. Tukamwomba asitutetee.

Kisha tuligawa vikaratasi. Kila mtu, pamoja na ustadhi na sisi, aandike jambo moja kuhusu fedha ambalo hajawahi kuwaambia wenzake, bila jina, akikunje na kukitia kwenye kapu. Ustadhi na dada mmoja Mlutheri walivisoma kwa kupokezana, polepole, bila maelezo. Hatutaviandika vyote hapa kwa kuwa si vyetu. Kimoja kilisema mwandishi wake huwaambia wenzake kwamba amefunga, hata siku ambazo hafungi. Kimoja kilisema baba hufikiri mkopo unatosha, na hajaambiwa ukweli. Kimoja kiliandikwa na mtu mwenye nacho: "Namlipia rafiki yangu chakula, na tangu nianze hanitazami usoni." Kingine kilisema: "Nyumbani nimesema tuna ng'ombe. Hatuna." Kimoja kilikuwa kitupu. Dada Mlutheri alikionyesha kwa wote, akakiweka pamoja na vingine.

Yule kiongozi hakungoja mzunguko wa tatu. Alisema habari ya 35,000 mwenyewe, kwa ukali, kama mtu anayelalamika. Yule dada alimsikiliza mpaka mwisho. Zamu yake ilipofika alisema alichokisikia ni kwamba mwenzake naye alilala njaa kwa ajili ya msiba uleule aliouogopa yeye. Hakusema amemsamehe. Kijana naye hakuomba msamaha siku ile. Tulitamani sana kusimama tukawashikanisha mikono, na tunamshukuru yule frateri wa falsafa aliyetukanyaga miguu chini ya dawati.

Majadiliano yalipofunguliwa yalikuwa magumu, na hayakuhusu dini hata kidogo. Hoja ilikuwa orodha. Baadhi walitaka isibandikwe tena: watunza hazina wawili wapokee, watangaze jumla tu, anayetoa elfu moja na anayetoa elfu kumi wasijulikane. Wengine walikataa katakata. Walisema bila orodha fedha itapotea, na wapo waliokwisha kuliwa michango yao huko nyuma. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Kijana mmoja aliyesoma historia aliwakumbusha mbiru, kodi ya miaka ya 1940 iliyotaka mali ya kila Mpare ipimwe ndipo apangiwe cha kulipa. Mwaka 1945 maelfu ya wazee wetu walishuka milimani wakaenda kukaa Same kwa miezi, wakaikataa, na mwishowe ikafutwa. "Wale walikataa kupimwa utajiri wao hadharani," alisema, "na sisi tunajibandikia wenyewe." Akajibiwa mara moja kwamba mbiru ilikuwa ya mkoloni na msiba ni wa kwetu, si sawa. Waliendelea hivyo mpaka jua likazama.

Walikubaliana mambo mawili tu. Wale saba walirudishwa kundini palepale, na hakuna mtu kuondolewa tena kwa ajili ya mchango. La orodha waliliacha hadi Desemba. Kabla ya kutawanyika mtu mmoja alipitisha kofia, bila daftari, ikafika kwa yule kiongozi na fedha kiasi ambacho hatukukihesabu. Alikataa. Ustadhi akamwambia kitu sikioni, akapokea.

Sisi tulirudi seminari mwezi uliofuata. Usiku wa kwanza, baada ya Sala ya Usiku, tulikuwa tunapanga vitabu tukizungumza habari za kikao kile, tukikisia ni nani aliandika kikaratasi kipi, jambo ambalo tulikuwa tumewakataza wanavyuo. Mmoja akataja kile cha ng'ombe, akasema huenda ni cha yule mvulana wa Dodoma.

"Hapana," mwenzetu mmoja akasema. "Ni changu."

Tumeishi naye miaka minne. Tulikuwa tumeshamtania mara nyingi kuhusu maziwa ya kwao. Alituambia mama yake anakodi shamba, kwamba siku za wazazi kututembelea humwambia asije kwa sababu ya nauli, na kwamba zile soksi anazosema ametumiwa na dada yake huzinunua mwenyewe kwa fedha ya kufulia wenzake. Taa ilipozimwa tulikuwa bado tumekaa vitandani, na hakuna aliyejaribu kumsemea.